Kuku wa Chuo na Kuku wa Shangazi

Nyakato, Mwanza
21 Januari 2024

Shangazi yangu mpendwa Akelo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mguu umepungua maumivu, na mvua haijaingia tena jikoni. Mimi nilifika salama. Basi liliharibika Bunda tukakaa mpaka jua likachwa, lakini nilifika. Mama mwenye nyumba analalamika kwamba chumba changu kinanuka kuku. Nimemwambia ni harufu ya elimu, hakucheka.

Naandika kwa mkono kwa sababu umekataa katakata mambo ya simu. Nimekubali. Ni kweli pale kwenye jiwe unapopanda kutafuta mtandao husimama kijiji kizima kusikiliza, na ni kweli mimi husema "sawa, sawa" kabla hujamaliza sentensi. Barua nitampa Okech, kondakta wa basi la Shirati, na majibu umpe yeye.

Sasa kuku. Nakukumbusha tulivyowapanga, maana siku ile tulikuwa na haraka. Vizimba ni kumi na viwili. Sita vina chotara niliowaleta kwenye maboksi kutoka huku. Sita vina kienyeji, wale vifaranga wako ulioniazima. Katika kila sita, vitatu vinapata pumba na unga wa dagaa, na vitatu, vyenye utepe mwekundu, vinapata pumba tupu. Nataka kujua kama aina ya kuku inaleta tofauti ya uzito, kama dagaa wanaleta tofauti, na tatu, hili ndilo analolipenda msimamizi wangu Daktari Kashindye: kama dagaa wanawasaidia chotara na kienyeji kwa kiasi kilekile. Wa utepe mwekundu hawatakufa, watachelewa kukua tu. Tafadhali wasionje dagaa kabisa. Na wale chotara ni mali ya chuo, mtu asiwaguse.

Nitakuja Aprili kupima. Unajua hali yangu: ruhusa ya masomo inaisha Desemba. Tasnifu isipokubaliwa kufikia mwisho wa Novemba narudi kufundisha Misungwi bila shahada, na ruhusa ya pili hawatoi. Maisha yangu yote yamo ndani ya vizimba hivyo.

Wako mtiifu,
Atieno


Shirati
25 Februari 2024

Atieno mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima kwa neema. Mguu upo, hauendi popote. Jikoni mvua iliingia, nikasogeza mafiga, sasa inaingia pasipo na kitu. Jirani yangu Modesta amepata mjukuu wa kiume na amelitangaza jambo hilo mpaka kwa watu waliokuwepo alipozaliwa. Mchungaji anakusalimu. Aliuliza kama bado unasali, nikamwambia unasoma sana.

Kuku wako wa chuo wanakula kama wageni wasiojua kuaga. Ukiwawekea pumba hawainui hata kichwa. Hawa wangu ni tofauti. Wananijua. Nikitoka jikoni wanasimama wote kwenye wavu na kunitazama, hasa wale wa kizimba cha karibu na mlango, chenye utepe. Mtu anaweza kuzoea mambo mengi, lakini kutazamwa vile asubuhi na jioni ni kazi.

Maagizo yako nayakumbuka. Utepe nauona, macho yangu bado mazuri. Hebu niulize: huyo Daktari Kashindye anafuga kuku nyumbani kwake, au anawajua kwa kuwasoma tu?

Dagaa wanakaribia kuisha. Ukiweza, mpe Okech gunia jingine.

Shangazi yako,
Akelo


Nyakato, Mwanza
12 Mei 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje baada ya ile dawa? Mimi mzima, sijalala vizuri, lakini kwa furaha. Asante kwa siku zile za kupima. Naona bado nina mikwaruzo mikononi. Asante pia kwa kunipikia samaki na si kuku. Nilielewa.

Shangazi, tumepata jambo. Nakuandikia hesabu yote, kwa sababu ni yako pia, na uisome taratibu.

Wastani wa ongezeko la uzito, kwa gramu, ni huu. Chotara waliokula dagaa 900, chotara wa pumba tupu 600. Kienyeji waliokula dagaa 610, kienyeji wa pumba tupu 590. Ukiwachanganya wote unapata 675.

Kwanza tunauliza habari ya dagaa. Waliokula, wa aina zote mbili, wana wastani wa 755, na wasiokula 595. Kila upande uko gramu 80 kutoka ile 675. Unazidisha 80 kwa 80, kisha mara vizimba kumi na viwili, unapata 76,800. Halafu aina ya kuku: chotara 750, kienyeji 600, umbali 75, inakuja 67,500. Mpaka hapo hakuna cha ajabu.

Ajabu iko kwenye swali la tatu. Kama dagaa wangewasaidia wote sawa, kienyeji wa pumba tupu walipaswa kupata 600 kujumlisha 595 kutoa 675, yaani 520. Wamepata 590. Wamezidi kwa 70. Na chotara wa pumba tupu wamepungukiwa kwa 70 hiyohiyo. Ukifanya kama mwanzo, unapata 58,800. Hiyo ndiyo tunaita mwingiliano: dagaa wanafanya kazi moja kwa chotara na kazi nyingine kwa kienyeji.

Bado lazima tujue kama si bahati tu. Vizimba vinavyolishwa sawa navyo havifanani kabisa, na tofauti hiyo tunaiita makosa. Makosa yote ni 11,200, unagawa kwa 8, yaani vizimba kumi na viwili kutoa makundi manne, unapata 1,400. Sasa gawa 58,800 kwa 1,400. Ni 42. Jedwali la takwimu linataka ivuke 5.32 tu ili mtu aamini, na mimi nina arobaini na mbili.

Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida ni kwamba kuku wa kienyeji hahitaji dagaa. Anajitosheleza. Daktari Kashindye alisoma jedwali akavua miwani, akaniambia hajawahi kuona mwingiliano safi namna hii kutoka kwa mwanafunzi. Anasema tasnifu itapita bila shida, na tuandike makala. Nimelia chooni kama mtoto.

Mpwa wako mwenye furaha,
Atieno


Shirati
16 Juni 2024

Atieno mwanangu,

Marahaba. Usinilaumu kwa kuchelewa. Barua yako ilizunguka na Okech mpaka Sirari na kurudi, na ilipofika mimi nilikuwa na mambo ya kanisa. Tunajiandaa na Sikukuu ya Mavuno mwezi ujao. Modesta ametangaza kwamba ataleta bata, kwa hiyo sasa kila mtu anaangalia alichonacho nyumbani.

Hongera. Nimefurahi kwamba umefurahi. Hesabu nimeisoma mara mbili, na mara ya tatu nilimpa mjukuu mkubwa wa Modesta anisomee kwa sauti, akafika kwenye arobaini na mbili akapiga makofi.

Nina swali dogo la mtu asiyesoma. Hiyo hesabu inajua ni nani aliyekuwa analisha? Yaani, ukiiangalia, kuna mahali imeandika habari za mlishaji?

Mvua zimekata. Mahindi yamenyauka upande wa mlimani. Kula vizuri, ulivyokuja Aprili ulikuwa umekonda kuliko kuku wako.

Shangazi yako,
Akelo


Nyakato, Mwanza
30 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na mahindi. Huku maji ya bomba hayatoki, lakini ziwa tunaliona kutoka dirishani, kwa hiyo hatuna haki ya kulalamika.

Swali lako ni zuri. Hesabu haijui mlishaji. Inachukulia kwamba wote wamelishwa kama ilivyoandikwa kwenye mpango, na kisichoelezeka inakitupa kwenye makosa. Kwa mfano, na hili nakutajia tu, vile vizimba vitatu vya kienyeji wa pumba tupu vilitofautiana kidogo. Cha karibu na mlango wa jiko kilipata 650, cha katikati 590, cha mbali 530. Vizimba vingine vyote vinavyofanana vilikaribiana sana. Karibu theluthi mbili ya makosa yote yametoka kwenye hivyo vitatu. Nimeandika kwenye tasnifu kwamba ni bahati nasibu, huenda ikachangiwa na joto la jiko.

Daktari aliuliza kama kienyeji wangeweza kupata lishe ya ziada mahali pengine. Nilimwambia vizimba vilifungwa vizuri. Lakini labda mchwa? Huwa wanapanda pale karibu na jiko? Ukikumbuka kuwaona mchwa, hata kidogo, niandikie nitaweka kama maelezo.

Habari kubwa ni kwamba Daktari Kashindye anataka kuja Shirati mwezi wa nane kuzungumza na wafugaji. Atawaambia wasipoteze dagaa kwa kuku wa kienyeji. Anataka wewe ukae mbele.

Mpwa wako,
Atieno


Shirati
14 Julai 2024

Atieno,

Marahaba. Wazima.

Mchwa hapana. Mchwa wa karibu na jiko niliwamwagia majivu kabla hujaleta maboksi yako.

Mjukuu mkubwa wa Modesta hakuiacha ile hesabu hapa kwangu, aliibeba kichwani. Sasa mtaa mzima unajua kwamba mtoto wa kaka yangu Orwa amesoma mpaka akagundua kuku wa kienyeji hataki dagaa. Modesta ameacha kuwapa wake. Ana kuku wengi na mjukuu mchanga, na ile pesa ya mayai ndiyo inayonunua sabuni na mafuta ya mtoto. Jana nimeona kuku wake wanakula ganda la muhogo. Aliponiona akasema, "Shangazi wa msomi, tunafuata."

Mwanangu, nimesoma tena barua zako. Umeniuliza kwa joto la jiko. Umeniuliza kwa mchwa. Umeniuliza kwa makosa na bahati nasibu, na kwa theluthi mbili. Kila mara umeniachia mlango wa kutokea, na naona na wewe ulikuwa umesimama kwenye mlango huohuo. Hujaniuliza kwa Kiswahili.

Shangazi yako,
Akelo


Nyakato, Mwanza
18 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Uliwapa?

Atieno


Shirati
21 Julai 2024

Atieno mwanangu,

Marahaba. Niliwapa.

Uliniambia chotara ni mali ya chuo, mtu asiwaguse. Sikuwagusa. Mali ya umma mimi siichukui wala siiongezi. Waliopangiwa pumba walikula pumba, na nililala usingizi. Lakini wale kienyeji ni wangu, nilikuazima tu. Yule jogoo wa kizimba cha mlangoni nilimtoa kwa Mavuno tangu siku aliyotoka kwenye yai, mbele ya mchungaji. Ningempelekaje kwa Bwana kifua kama kisu, na Modesta ana bata? Nikampa kidogo. Wenzake kizimbani wakatazama, nikawapa. Kizimba cha pili kikasikia harufu kikapiga kelele, nikawapa. Cha tatu nilikuwa nafika dagaa wamebaki vumbi mkononi.

Nilitaka kusema ulipokuja kupima. Ukaanza kuita namba kwa sauti na uso wako ukawa unang'aa. Sijakuona hivyo tangu baba yako afariki, nikaona acha niende kuandaa samaki.

Jogoo alipokelewa vizuri. Walimsifu kuliko bata. Nilikaa kwenye kiti changu sikusikia raha.

Fanya unavyoona. Ukisema tunyamaze nitanyamaza, kunyamaza najua. Ila kwa Modesta nimeshakwenda.

Akelo


Nyakato, Mwanza
4 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira haikuwa kwako. Siku ya kwanza nilipoona 650, 590, 530, zimepangana kuanzia mlango wa jiko, nilijua. Nilijua kabla sijamaliza kuandika. Nikachukua kalamu nikaita bahati.

Nimemwambia Daktari Kashindye. Alivaa miwani akaniuliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Nikamwambia Mungu, Modesta, na kuku. Akavua miwani tena. Tukio la Shirati limefutwa, makala imefutwa. Amenipa nafasi ya kurudia mara moja. Tukianza wiki hii tunapima katikati ya Oktoba, na naweza kuwahi Novemba nikiandika bila kulala. Nikikosa, Misungwi.

Masharti yake ni mawili. Yeye mwenyewe atapima. Na mlishaji asiwe ndugu yangu, wala mwenye kuku. Nimemwomba Modesta, amekubali haraka mno. Shangazi, nakuomba, vifaranga wapya wa kienyeji watoke kwako tena, maana damu lazima iwe ileile. Lakini usiwasogelee. Hata salamu usiwape.

Nimeumia. Bado nakupenda.

Atieno


Shirati
8 Septemba 2024

Atieno mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mjukuu wa Modesta ameota jino.

Modesta analisha. Anakuja asubuhi na jioni na ndoo yake, anapima kwa kopo kama mfamasia, na wenye utepe anawamwagia pumba tupu bila kupepesa macho. Akimaliza ananiambia, "Sayansi." Nilikuwa sijui kwamba anaweza kuwa mkavu hivyo.

Mimi nimefunga mlango wa jiko kwa ndani. Natokea uani, nazunguka nyuma ya choo, napita kwenye mihogo ndipo nafika barabarani. Mguu hauipendi njia hiyo. Nikipita mbele wananiona, wanakuja kwenye wavu, na mimi najijua. Wa mlangoni safari hii wamekonda. Wananyonyoka shingo. Usiku nasikia wako kimya, wazima tu, lakini kimya.

Siwapi. Naandika hili ili ujue kwamba siwapi.

Shangazi yako,
Akelo


Nyakato, Mwanza
27 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Daktari amerudi na namba zake, nimeketi nazo usiku na mchana. Chotara wa dagaa 890, chotara wa pumba tupu 600. Kienyeji wa dagaa 610, kienyeji wa pumba tupu 330. Pima mwenyewe: dagaa wamewaongezea chotara gramu 290, na kienyeji 280. Ni mulemule. Ule mwingiliano uliokuwa 42 sasa ni sifuri nukta sifuri tano. Hauko. Haukuwahi kuwepo, isipokuwa mkononi mwako.

Kwa hiyo baada ya miaka miwili ya masomo nimethibitisha kwamba kuku akilishwa vizuri ananenepa, na hili ni kweli kwa aina zote mbili. Daktari anasema ni matokeo sahihi. Alilisema kwa sauti ya mtu anayesifia uji. Lakini ameweka sahihi, Shangazi. Tasnifu imekubaliwa. Sirudi Misungwi bila kitu.

Mwambie Modesta awarudishie kuku wake dagaa, ikiwa bado hajafanya hivyo. Na kibali cha kufungua vizimba kimetoka. Wapeleke chotara kwa mchungaji, chuo kimewatoa. Wako ni wako. Wafungulie, uwape dagaa unavyotaka, hakuna anayehesabu.

Asante. Najua ulichofanya tangu mwezi wa nane mpaka sasa ni kigumu kuliko ulichofanya mwanzo.

Mpwa wako,
Atieno


Shirati
10 Novemba 2024

Atieno mwanangu,

Marahaba, na hongera. Nimepiga vigelegele peke yangu jikoni mpaka majirani wakadhani kuna posa. Baba yako angekuwepo angechinja. Mchungaji amekutangaza kanisani, akasema umegundua jambo kuhusu kuku, hakusema jambo gani, ikawa vizuri.

Modesta kuku wake wanakula dagaa tangu Julai. Ananiambia hakuwahi kuacha kabisa, alikuwa anawapa usiku.

Barua yako nilipewa Jumapili iliyopita. Nilipotoka kanisani sikubadilisha nguo. Nilijaza bakuli la dagaa, nikafungua mlango wa jiko, nikaenda mbele ya vizimba kwa miguu yangu. Nilifungua vyote kumi na viwili, nikamwaga dagaa uwanjani, nikawaita wangu kwa ile sauti ninayowaita nayo siku zote. Chotara walikuja wote, wakanipanda mpaka kwenye viatu. Wangu wa utepe mwekundu walitoka, wakasimama, wakanitazama. Kisha wakamfuata Modesta, aliyekuwa anapita kwenda ziwani na ndoo tupu.

Shangazi yako,
Akelo